Albamu sita za kupeana, na namna ya kumwambia mwenzako "sikiliza hii"



Hebu fungua telefone yako sasa hivi, angalia mahali nyimbo ziko. Ziko nyingi, siyo? Na nyingi hazina jina. Imeandikwa "Piste 04", ao "Artiste inconnu", ao namba ndefu tu ya WhatsApp. Ulizipata kwa rafiki, naye alizipata kwa mwingine ku Bluetooth, na yule wa mwingine alijaziwa ku karte memwari pale sokoni. Muziki umefika kwako salama. Lakini mwenye kuupiga amebaki njiani, hakuna anayemjua.

Leo tunaongea juu ya kupendekezeana albamu mpya, hasa za wasanii wanaojitegemea, wale wanaoitwa indi. Kila mwisho wa mwezi watu wanaulizana: "Iko nini mupya?" Jibu mara nyingi ni kutumiana faili, basi. Mimi nasema hivi: faili bila jina ni zawadi nusu. Mwenye kupendekeza vizuri anapeana vitu vitatu pamoja: jina la aliyepiga, sababu ya kusikiliza, na mlango wa kuingilia, maana yake wimbo wa kuanzia. Juu ya nini naweka jina mbele? Tutaona chini. Kwanza tuelewane neno.

Indi ni nini?

Wengi wanafikiri indi ni aina ya muziki: kijana mwenye gitaa, sauti ya upole, picha ya rangi ya zamani. Hapana. Neno lilianza kwenye habari ya nani ana mali. Duniani kuna kampuni tatu kubwa za muziki: Universal, Sony na Warner. Albamu iliyotolewa na msanii mwenyewe, ao na lebo ndogo isiyo mali ya hizo tatu, ndiyo indi. Ndani yake inaweza kuwa rap, rumba, kelele za mashine, ao banjo ya kijijini.

Kwa hesabu hiyo, kijana wa Katuba anayerekodi ku ordinatere ya ndugu yake usiku, wakati courant imerudi, ni indi kabisa. Hakuchagua neno hilo. Hana lebo ya kumlipia studio, njo vile. Kwa Wazungu wengi indi ni uamuzi. Kwetu mara nyingi ni hali tu. Lakini uhuru uko palepale, na uhuru huo una bei yake.

Nani analipa?

Kila albamu kuna mtu aliyelipa, na mara nyingi utamsikia ndani ya wimbo. Kwetu Kongo tunajua libanga. Mwimbaji anataja jina la tajiri, la mwanasiasa, la mama mfanyabiashara, na aliyetajwa anatoa pesa. Orkestre kubwa za Kinshasa zimeishi na desturi hiyo miaka mingi. Hatuwezi kuwalaumu hivi hivi, kwa sababu kaseti na CD zilikuwa zinaibwa siku ileile zinatoka, na haki za mtunzi zilikuwa hazifiki. Libanga ilikuwa mshahara. Ila angalia matokeo: majina ya waliolipa tunayajua kwa kichwa, na jina la aliyepiga gitaa ya solo hatulijui.

Njia ya pili ni kusikiliza ku intaneti kwa malipo ya mwezi. Spotify, kwa mfano, ilifunguliwa Kongo mwaka 2021. Wengi wanadhani: nikilipa, pesa zangu zinaenda kwa msanii ninayemsikiliza. Kwa kawaida haiendi hivyo. Pesa za wasikilizaji zinawekwa ndani ya chungu kimoja, halafu chungu kinagawanywa kwa kuangalia kila msanii ana sehemu gani ya usikilizaji wote. Hata kama mwezi mzima ulisikiliza kikundi kimoja tu cha Lubumbashi, pesa zako hazikifuati. Kinapata punje yake kama wengine. Tena tangu mwaka 2024 Spotify hailipi kitu kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa msanii mkubwa 1,000 ni dakika chache. Kwa kijana wa Ruashi inaweza kuwa ukuta.

Njia ya tatu ni kununua moja kwa moja. Bandcamp ndiyo inayojulikana zaidi kwa muziki huru. Inakata asilimia 15 kwenye albamu ya faili, na inashuka hadi 10 msanii akifikisha mauzo ya dola 5,000. Albamu ya dola 8: Bandcamp inachukua dola 1.20, inabaki 6.80 kabla ya gharama ya kupitisha malipo. Kama muuzaji ni lebo, hapo tena wanagawana na msanii kufuatana na mapatano yao. Bado pesa ya mtu mmoja aliyenunua inazidi sana ya mtu mmoja aliyesikiliza bure.

Lakini angalieni: njia zote hizi, hata libanga, zinaanza na jina. Hakuna mtu anayeweza kutafuta "Piste 04" na kuinunua. Ukipoteza jina, umefunga milango yote ya malipo kwa pamoja.

Albamu sita

Sasa tufanye kazi yenyewe. Nimechagua sita, kuanzia ya karibuni na kurudi nyuma. Zote ni za lebo ndogo, na zote ziko karibu na sisi kwa lugha, kwa nchi ao kwa barabara. Kama unapanda basi la kazi kutoka Lubumbashi kuja Kinsevere, kilomita kama 30, safari inatosha albamu nusu ao nzima, kufuatana na hali ya barabara.

1. Kokoko!, "Butu" (2024). Kikundi cha Kinshasa. Jina ni ile sauti ya kupiga mlango, kokoko, ambayo kila Mkongomani anaielewa. Walijulikana kwa vyombo walivyotengeneza na vitu vilivyotupwa: chupa, makopo, vipande vya mashine. "Butu" kwa Lingala ni usiku, na albamu inakwenda kama usiku wa Kinshasa: haraka, joto, sauti za watu wengi, mashine zinazogonga. Anayeimba ni Makara Bianko. Sababu ya kusikiliza: inaonyesha namna mji wenyewe unaweza kuwa studio. Anza na "Mokili". Usisikilizie ku spika ya telefone, utapoteza besi yote.

2. MC Yallah, "Yallah Beibe" (2023). Huyu dada ni mwana-rap wa Uganda aliyezaliwa Kenya. Anachanganya Kiganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza ndani ya wimbo mmoja, sawa vile sisi tunavyochanganya Kiswahili, Kifaransa na Kibemba bila kuomba ruhusa. Lebo ni Hakuna Kulala ya Kampala. Kati ya waliotengeneza midundo kuna Chrisman, Mkongomani. Sababu: sikiliza pumzi yake, namna anavyobana maneno bila kuyapoteza. Anza na "Sikwebela". Ni nzito; kama umezoea nyimbo za harusi, jiandae.

3. Rey Sapienz & The Congo Techno Ensemble, "Na Zala Zala" (2021). Rey Sapienz ni mtoto wa Bunia, Ituri, aliyejenga maisha ya muziki Kampala, na ni mmoja wa walioanzisha Hakuna Kulala. Albamu hii ilitoka kwa Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala vilevile. Najua, jina la lebo kwa Kiswahili linaleta aibu mbele ya mama mkwe. Wenyewe wanasema kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza. Sababu ya kusikiliza: hapa mdundo wa Kongo umeingizwa ndani ya mashine, na bado unatambua kwamba ni wa kwetu. Anza na wimbo wenye jina la albamu.

4. Baloji, "137 Avenue Kaniama" (2018). Baloji alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo, akakulia Liège. Jina lake wenyeji wa hapa hawahitaji kutafsiriwa, mulozi tunamjua. Jina la albamu ni adresi ya Lubumbashi, inayohusu mama yake ambaye alitengana naye miaka mingi. Albamu ilitolewa na Bella Union, lebo ndogo ya Uingereza. Anaimba na kurap kwa Kifaransa, juu ya magitaa ya Kiafrika na elektroniki. Huyuhuyu ndiye aliyetengeneza filamu "Augure", iliyopata zawadi Cannes mwaka 2023. Sababu: ni mtoto wa mji huu anayeuuliza mji wake maswali akiwa mbali, na kwetu hakuna familia isiyokuwa na mtu aliyekwenda Poto. Anza na "Soleil de Volt" kama unataka kucheza. Kama unataka moyo wa albamu, nenda "La dernière pluie / Inconnu à cette adresse", ukae peke yako.

5. "The Karindula Sessions" (Crammed Discs, 2011). Hii ni ya vikundi kadhaa, na yote imerekodiwa Lubumbashi. Karindula mnaijua: banjo kubwa, tumbo lake ni pipa la mafuta, juu ngozi ya mbuzi, shingo ndefu na nyuzi nne, na mpigaji anaikalia ao anaiinamia. Tunaikuta matangani, kwenye sikukuu, kwenye vijia vya komine. Crammed Discs ni lebo ya Brussels, ileile iliyotoa "Congotronics" ya Konono No.1 mwaka 2004. Hapa walitoa CD pamoja na filamu, unawaona wachezaji na umati wakiwazunguka. Sababu: utasikia kitu ulichokipita mara mia bila kusimama. Anza na kikundi BBK.

6. "Origins of Guitar Music in Southern Congo & Northern Zambia" (SWP Records). Hii ni mpya kwa masikio tu. Rekodi zenyewe ni za kati ya 1950 na 1958. Alizirekodi Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, ambaye alizunguka na gari na mashine zake. Mwaka 1952, Jadotville, yaani Likasi ya leo, alimrekodi kijana aliyeitwa Jean-Bosco Mwenda, ambaye baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada tu, na ukisikiliza bila kuambiwa utaapa ni watu wawili. Gitaa ile ilifika Nairobi, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. SWP ni lebo ndogo ya Uholanzi. Anza na nyimbo za Mwenda, na katikati sikiliza Kiswahili chake: ni cha kwetu.

Jina linaweza kuokoa wimbo

Linganisheni hiyo ya tano na ya sita na telefone zetu. Tracey alikuwa na tabia moja ya karani mzuri: aliandika. Kwa kila wimbo, jina la mpigaji, mahali, tarehe, lugha, namna ya kufunga nyuzi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 70 imepita. Mwenda alikufa mwaka 1990. Na bado leo mwanafunzi wa Kasapa anaweza kuandika jina lake ku intaneti na kusikia vidole vyake.

Kuna uchungu ndani yake, tusiufiche. Muziki wa Likasi unatunzwa Makhanda na kuuzwa kutoka Uholanzi. Karindula ya Lubumbashi inauzwa kutoka Brussels. Mtu anaweza kuuliza: na sisi tulikuwa wapi? Sawa, ni swali la haki. Lakini lina jibu la kufanya kazi: wale waliandika majina, wakatoa albamu, wakawaambia wenzao "sikiliza hii". Hakuna kati ya mambo hayo matatu linalohitaji bahari ya pesa. Telefone uliyo nayo inarekodi vizuri kuliko mashine nyingi za 1952. Kinachokosekana ni karani.

Na hapa sheria inaingia. Kongo ina sheria ya haki za watunzi, ile Ordonnance-loi ya tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la kukusanya haki hizo ni SOCODA, lililoanzishwa 2011. Watu wanalalamika juu ya malipo, na malalamiko yana uzito. Hata hivyo, siku pesa zitakapogawanywa vizuri, zitagawanywa kwa orodha ya majina na nyimbo. Wimbo usio na mwandishi haudai kitu.

Mega na pesa: hesabu ndogo

Najua swali linalofuata: "Yaya, mega ni bei." Basi tuhesabu. Faili nzuri ya mp3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inakula megabaiti 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 40 ni kama megabaiti 96. Ukisikiliza ku intaneti kwa ubora wa chini, kilobiti 96, dakika 40 zinakula kama megabaiti 29. Inaonekana ni nafuu. Lakini ukiirudia mara nne umeshafika 115, na sauti ilikuwa mbaya muda wote. Albamu unayoipenda kweli, nunua na kuipakua mara moja, usiku ao mahali penye wifi. Ile ambayo bado unaionja, isikilize kwanza ku intaneti.

Bandcamp inataka karte ya benki ao PayPal, na wengi wetu tuna M-Pesa na Airtel Money tu. Tafuta mwenzako mwenye karte ya Visa, yeye anunue, wewe umrudishie ku M-Pesa. Nyege Nyege Tapes, Hakuna Kulala na Crammed Discs zote ziko pale, na nyimbo nyingi unaweza kuzisikiliza kabla ya kulipa. Hauna dola 8? Wanunuzi wanne, dola 2 kila mmoja, mnakaa Jumapili mchana na spika moja mnasikiliza pamoja. Hiyo ni bei ya chupa, na chupa haibaki.

Namna ya kupendekeza

Tuseme unataka kumpa mwenzako albamu. Usimtumie faili kumi na moja bila neno. Mwandikie mistari mitano hivi:

– Nani: msanii, jina la albamu, mwaka, lebo, kama yametajwa. Angalia herufi, kwa sababu herufi moja ikikosewa hataipata.

– Wapi: mji aliotoka na lugha anayoimba.

– Juu ya nini: sentensi moja ya sababu yako mwenyewe. "Ni nzuri sana" haisemi kitu. "Sikiliza besi inavyochelewa nyuma ya ngoma" inasema.

– Mlango: wimbo mmoja wa kuanzia. Mtu akianza vibaya, albamu nzima inakufa mikononi mwake.

– Onyo: mwambie ukweli. Ni ndefu? Ni kelele? Ina matusi? Akijua mbele, atakuamini mara ya pili.

Na kwa wale wenye marafiki wanaopiga muziki hapa kwetu: siku wanarekodi, kaa nao kama karani. Andika nani aliimba, nani alipiga gitaa, nani alitengeneza mdundo, studio gani, tarehe gani. Halafu andika hayo ndani ya faili yenyewe, sio ku karatasi tu. Programu za bure za kubadilisha habari za mp3 ziko, na kazi inachukua dakika kumi. Faili ikizunguka sokoni, jina litazunguka nayo. Hata yule wa karte memwari atakuwa anamtangaza msanii bila kujua.

Nimehesabu sita, na hakuna hata moja iliyotolewa na lebo ya Lubumbashi. Ya saba naacha nafasi kwa makusudi. Iko kwa mmoja wenu, pengine ku telefone, na inaitwa "Piste 04". Tafuta aliyeipiga, muulize jina lake na la wenzake, andika, halafu tuletee na ile mistari mitano.